Maradhi ya Ini, Ulevi, na Aibu ya Nyumbani

Msikiti wa mtaa ni mahali ambapo khabari hazifichiki. Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa safu ya mbele, ambaye adhana ya alfajiri humkuta amekwisha tawadha, aliingia kwa sala ya Ijumaa macho yake yamegeuka rangi ya manjano. Watu walimpa mkono, wakamwombea afya, na walipotoka nje wakaanza kunong'ona. "Ini haliharibiki bure," alisema mmoja wao, na waliomsikia wakatikisa vichwa. Mzee yule hakupata kuonja kileo maishani mwake. Alipopimwa damu alionekana ana virusi vya homa ya ini vya aina ya B, ambavyo huenda amekaa navyo tangu siku ya kuzaliwa. Lakini manong'ono yalifika nyumbani kabla ya majibu ya hospitali, na kikombe chake kikatengwa na vikombe vya wengine.

Karibu na siku zile zile kijana wa mtaa wa pili alikwenda kuchangia damu. Baada ya muda aliitwa, akaambiwa kwamba damu yake ina virusi vya homa ya ini vya aina ya C, na kwamba aende kliniki. Kijana huyu alikuwa akinywa kwa siri, wala mtaa haukujua, kwani macho yake yalikuwa meupe na kanzu yake safi. Karatasi ya hospitali aliificha ndani ya kitabu, akaendelea na bia zake za Jumamosi kwa muda wa karibu mwaka mzima. Sababu yake ilikuwa moja: kumwambia baba kuwa ana maradhi ya ini aliona ni sawasawa na kumwambia kuwa analewa.

Wote wawili wameturuhusu tuyaeleze haya bila ya kutaja majina yao. Twawataja pamoja kwa kuwa kosa lililowadhuru ni moja. Katika nyumba zetu maradhi ya ini na ulevi vimefungwa kwa fundo moja. Asiyekunywa akiugua, hutuhumiwa. Na anayekunywa akiugua, hujificha. Wa kwanza anaumia moyo, wa pili anaumia ini, na pengine hupoteza maisha. Basi twaona yapasa fundo hili lifunguliwe, ili kila kamba ionekane peke yake.

Mwanzo tusafishe majina. Wazee wetu waliita homa ya manjano kila maradhi yanayogeuza macho na mkojo rangi, na kwa Kiarabu huitwa yaraqan. Siku hizi madaktari hulitumia jina la homa ya manjano kwa ugonjwa mwingine kabisa, ule unaoenezwa na mbu, ambao msafiri huchanjwa na kupewa kadi kabla ya kusafiri. Wako ndugu wanaodhani kwamba kadi ile inawakinga pia na maradhi ya ini. Haiwakingi hata kidogo. Maradhi tunayoyazungumza hapa ni homa ya ini inayoletwa na virusi, nayo ina aina kuu tano, zinazoitwa kwa herufi A, B, C, D na E. Aina ya A na ya E huingia kwa chakula na maji yaliyochafuliwa na kinyesi, na mara nyingi hupoa zenyewe. Aina ya B na ya C ndizo khasa zenye khatari ya kukaa mwilini miaka na miaka; huingia kwa damu, na ya B pia kwa tendo la ndoa na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Aina ya D haimpati mtu ila awe ana B.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na aina ya B, na milioni 50 na aina ya C, na kwamba mwaka huo peke yake homa ya ini iliua watu milioni 1.3. Wengi wa wenye nayo hawajijui. Kwa aina ya B, waliokuwa wamekwisha gunduliwa walikuwa 13 tu katika kila 100. Ini ni kiungo chenye subira sana. Huweza kuharibika nusu yake na mwenyewe akaendelea kupanda ngazi na kubeba magunia.

Ama anayesema kwamba ini haliharibiki ila kwa pombe, tunamwomba atazame Misri.

Misri ni nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, na wengi wao hawanywi. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa na homa ya ini ya aina ya C kwa wingi kupita kiasi. Uchunguzi uliofanywa nchini humo mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 59, kiasi cha 15 walikuwa wamekwisha pata kuambukizwa. Je, ni chupa iliyofanya hivyo? Si chupa, ni sindano. Wakulima wa bonde la mto Nile wanaosimama majini walikuwa wakisumbuliwa na kichocho, maradhi ambayo ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanayajua vizuri. Serikali yao, kwa nia njema kabisa, iliendesha kampeni kubwa tangu miaka ya 1950 mpaka ya 1980 ya kuwatibu watu kwa sindano za dawa yenye antimoni. Sindano zenyewe zilikuwa za kioo, zikitumiwa kwa mtu huyu na huyu bila ya kuchemshwa ipasavyo. Virusi vya aina ya C vilikuwa havijajulikana wakati huo. Havikugunduliwa mpaka mwaka 1989. Mtu akaponywa kichocho, akatiwa maradhi mengine yasiyoonekana. Watoto walioshikwa mkono na mama zao kupelekwa kudungwa sindano walikuja kutapika damu wakiwa watu wazima, wala hawajapata kugusa kileo.

Misri hiyo hiyo ikatoa funzo la pili. Dawa mpya ya vidonge ya aina ya C ilipotokea Marekani mwishoni mwa mwaka 2013, bei yake kule ilikuwa dola 84,000 kwa dozi ya wiki 12. Mwaka 2014 serikali ya Misri ilipatana na watengenezaji wauze kwa dola 900, na baadaye viwanda vya nchini vikaitengeneza kwa bei ya chini zaidi. Kisha, tangu Oktoba 2018 mpaka Aprili 2019, watu wazima karibu milioni 50 walipimwa damu; zaidi ya milioni 2 wakakutwa na alama za virusi, na wenye maradhi wakapewa dawa bila ya malipo. Mwezi wa Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitangaza Misri kuwa imefika daraja ya dhahabu katika njia ya kuyatokomeza maradhi hayo. Twadhani jambo moja lililosaidia ni kwamba wote waliitwa kupimwa, kwa hivyo aliyesimama kwenye foleni hakuonekana mkosa. Kule aibu ilikufa kwa wingi wa watu. Kwetu bado kila mtu huenda peke yake, akitazama nyuma asije akaonekana na jirani.

Sasa tuigeukie kamba ya pili, nayo ni ulevi wenyewe.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kiasi cha kilo moja na nusu, na makazi yake ni upande wa kulia chini ya mbavu. Sehemu kubwa ya kile kinachonyonywa kutoka matumboni hupita kwake kwanza, likakichuja na kukipanga. Pombe ikifika, ini huweka nyuma kazi nyingine na kuishughulikia hiyo, kwani mwili hauna ghala la kuiwekea. Huigeuza kwanza kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi, ambacho ni sumu kuliko pombe yenyewe, kisha hukigeuza hicho kuwa kitu cha jamii ya siki, ambacho mwili unaweza kukitumia. Khatari iko pale katikati, wakati sumu ile imekwisha zaliwa na haijaondoka. Chupa ya bia ya nusu lita, ikiwa nguvu yake ni asilimia 5, ina pombe tupu kiasi cha gramu 20. Na ini la mtu mwenye afya huondoa gramu 7 mpaka 10 hivi kwa saa. Kahawa chungu hailiharakishi, wala maji baridi ya kichwani. Na ini linapokimbizwa kila siku kwa kazi hiyo hujaa mafuta, kisha huvimba, kisha huota makovu.

Virusi navyo hufika kwenye makovu hayo hayo kwa njia nyingine. Havili chembe za ini kama mchwa alavyo mti. Askari wa mwili wenyewe ndio wanaozishambulia chembe zilizoingiwa, na vita hivyo vikidumu miaka ishirini au thelathini, nyama laini ya ini hugeuka makovu magumu. Makovu yakienea, damu hushindwa kupita, maji hujaa tumboni, mishipa ya koo huvimba na kupasuka. Hali hiyo wataalamu huiita sirosisi, na ndani yake ndipo mara nyingi saratani ya ini inapoanzia. Basi mwenye virusi anayekunywa ni mtu ambaye nyumba yake inaungua mbele, naye akaenda kuwasha moto wa uani.

Mwaka 1997 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa aina ya C. Walitaka kujua kwa nini mmoja hufika kwenye sirosisi upesi na mwenziwe hukaa miaka arobaini bila ya kufika. Waliona mambo matatu yanayoharakisha: kuambukizwa baada ya umri wa miaka 40, kuwa mwanamume, na kunywa gramu 50 za pombe au zaidi kwa siku, yaani kiasi cha chupa mbili na nusu za ile bia tuliyoitaja. Tafadhali msomaji ayaangalie mambo matatu haya. Umri ulioambukizwa nao huna hiari nao. Kuzaliwa mwanamume huna hiari nako. Limebaki moja tu lililo mkononi mwa mgonjwa, na hilo ndilo tunalolificha.

Je, kidogo kidogo hakuna dhara? Swali hili huulizwa sana na vijana, na wengine hujitetea kwamba wanaonja tu harusini, au kwamba tembo la mnazi ni tunda la mti na si sawa na chupa za dukani. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na tangu mwaka 1988 shirika lake la utafiti wa saratani limeiweka pombe katika orodha ya vitu vinavyojulikana kwa yakini kuleta saratani kwa binadamu. Na orodha hiyo hiyo, tangu mwaka 1994, ina virusi vya aina ya B na ya C. Kwa mwenye ini lililokwisha shambuliwa, neno la madaktari ni kuacha kabisa, si kupunguza. Tembo, ini halijui limetoka mnazini, linaona pombe. Gongo na chang'aa ni mbaya zaidi, kwani nguvu yake haijulikani na pengine ndani yake mna sumu ya methanoli inayopofusha macho na kuua.

Huenda msomaji akatuuliza: mbona mnapima chupa na gramu, hali ya kuwa kwetu sisi tone na pipa ni hukumu moja? Tunajibu kwamba hukumu hatuibadilishi, wala si yetu kuibadilisha. Lakini wako vijana wetu wanaokunywa, na kujifanya hatuwaoni hakujampunguza hata mmoja wao. Tena anayesoma Kur'ani anajua kwamba makatazo ya ulevi yalishuka kwa daraja: aya ya Suratul Baqara, kisha ya Suratun Nisaa, ndipo ikaja ya Suratul Maida iliyokata shauri. Hukumu imekwisha timia na haina kurudi nyuma. Subira ya malezi ndiyo tunayoitaja. Na Mtume (S.A.W.) alipoletewa mtu aliyerudia rudia kosa la kulewa, na mmoja wa waliokuwapo akamlaani, alimkataza kumlaani, akamshuhudia kwamba anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Tumeona wazee wetu wengi wakiisoma hadithi hiyo darsani, kisha wakirudi nyumbani kwa fimbo.

Aibu hiyo yaleta madhara ya hakika katika chumba cha daktari. Kijana akiulizwa, "Unakunywa?" na baba amekaa kiti cha pili, atajibu, "La." Basi daktari ataandika dawa kwa mtu asiyekunywa. Chukua mfano wa vidonge vya parasetamoli, ambavyo kila nyumba inavyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, dozi iliyoandikwa haina neno. Lakini kwa anayekunywa sana, au ambaye ini lake limekwisha dhoofika, dozi ya kawaida yaweza kuwa nyingi mno, na daktari hupenda kuipunguza. Dawa za kifua kikuu nazo hulemea ini, na anayezitumia huku akinywa hujitia khatarini. Mizizi na mitishamba isiyojulikana ni vivyo hivyo. Baadhi yake imepata kuharibu ini, na mgonjwa wa ini ndiye anayeletewa kwa wingi zaidi, kila jamaa na chupa yake.

Kuna jambo jingine ambalo twaomba wazazi walisome mara mbili. Mtu aliyezoea kunywa kwa wingi kila siku akikatishwa ghafula, mwili wake huweza kuasi. Ndani ya siku ya kwanza hutetemeka na kutoka jasho. Wengine hupatwa na degedege. Na katika siku ya pili au ya tatu huweza kuweweseka, akaona yasiyokuwapo, na hata kufa. Twajua nyumba ambamo kijana alifungiwa chumbani siku nne ili "pombe imtoke," na mama akikaa mlangoni akisoma Yasin. Dua ni silaha yetu, wala hatuidharau, lakini mlango ule ulistahili kufunguliwa, kijana akapelekwa hospitali, ambako kuna dawa za kumvusha siku zile kwa salama. Aliyekuwa akinywa mara moja kwa wiki kwa kawaida haogopewi hayo, aache leo.

Wako wanaoogopa kwamba wakikiri kunywa watanyimwa matibabu. Kwa homa ya ini ya aina ya C khofu hiyo haina msingi katika miongozo ya matibabu ya leo. Kunywa pombe si sababu ya kumnyima mtu vidonge. Daktari anataka kujua ili amsaidie kuacha na ajue ini limefika wapi. Na wako wanaosema kwamba Muislamu hafai kujifedhehi kwa kutoa siri ya dhambi yake. Ni kweli, sitara ni jambo kubwa katika dini yetu. Lakini ikiwa sheria imeruhusu tabibu autazame mwili unaostahiki kusitiriwa, kwa ajili ya haja ya matibabu, sisi hatuoni kwa nini neno moja lifichwe lenye kuokoa roho. Anachoambiwa daktari hakitangazwi msikitini.

Turudi kwa kijana wetu. Hatimaye alimwendea mjomba wake, kama ilivyo ada ya vijana wengi.

"Mjomba, nina jambo, na baba asijue."

"Baba yako atajua siku yake," alisema mjomba alipokwisha sikiliza. "Leo tunakwenda hospitali."

Walipofika, daktari alianza kuuliza, na alipokaribia swali lile, kijana akamtazama mjomba. Mjomba akasimama, akasema anakwenda kusali adhuhuri. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sisi twaamini kwamba hatua zile za kutoka chumbani zilimfaa kijana kuliko mawaidha mengi. Alipimwa upya, ikaonekana kwamba virusi bado vimo na makovu ya ini ni machache. Alimeza vidonge kila siku kwa wiki 12, na wiki 12 baada ya kumaliza damu yake haikuonekana virusi. Dawa hizi huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100 wanaozitumia ipasavyo. Ama kunywa, aliacha, akateleza mara moja siku ya harusi ya rafiki yake, akamwambia mjomba mwenyewe bila ya kuulizwa, na tangu hapo ameshikilia.

Hapa pana mtego ambao hatuwezi kuupita kimya. Aliyepona huambiwa, "Sasa huna kitu," naye hufahamu kwamba ini lake limerudi kuwa la mtoto mchanga. Dawa ya aina ya C huondoa virusi. Makovu makubwa yaliyokwisha jengeka haiyafuti mara moja, na mwenye sirosisi hubaki katika khatari ya saratani hata baada ya virusi kutoweka. Kwa hivyo hutakiwa apigwe picha ya tumbo kila miezi 6. Akirudia pombe, anaendeleza kwa mkono wake kazi ambayo virusi viliiacha. Tena kupona hakumkingi na kuambukizwa upya. Mwenye aina ya B hali yake ni nyingine: mara nyingi dawa haziviondoi virusi, bali huvituliza, na wengi huzimeza miaka mingi. Kwake yeye kuacha pombe si kwa muda wa dozi. Ni kwa maisha. Na aliyeugua aina ya A, ambaye hupoa ndani ya wiki au miezi michache, asidhani kwamba rangi ya macho ikirudi ndiyo ini limepona; vipimo vya damu ndivyo vinavyosema, na mpaka viseme, hata tone asionje. Kwetu sisi ni hata baada ya hapo.

Limebaki la mzee na kikombe chake.

Aina ya B na ya C haziambukizwi kwa sahani moja, wala kikombe, wala kupeana mkono, wala kusali bega kwa bega. Kumtenga mgonjwa kwenye sinia ya wali hakumkingi yeyote, kunamvunja moyo tu. Vitu vya kutengwa ni vile vyenye kugusa damu: wembe, mkasi wa kucha, mswaki. Hapa twaona ajabu, kwani nyumba ile iliyotenga kikombe ilikuwa na wembe mmoja bafuni unaotumiwa na wanaume watatu. Twataja pia kinyozi, na ngariba wa kutahiri, na wale wanaoumika. Kuumika ni sunna inayojulikana, na sisi hatuikatazi. Lakini wembe na pembe, au vikombe vyake, viwe vipya au vimechemshwa ipasavyo kwa kila mtu. Na ndugu wanaokwenda Hija, siku ya kunyoa nywele kule Mina, wasimpe kichwa kinyozi wa njiani mwenye wembe uliokwisha pita kwenye vichwa vya wengine. Kila mmoja achukue wembe wake, ni mzigo mwepesi.

Chanjo ya aina ya B ipo tangu mwaka 1982. Kenya iliitia katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001, na Tanzania mwaka 2002. Kwa hivyo aliyezaliwa kabla ya hapo, ambaye leo huenda ni mzazi, asidhani alichanjwa utotoni. Mtoto anayezaliwa na mama mwenye virusi hutakiwa apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwani mtoto aliyeambukizwa akiwa mchanga hubaki navyo maisha yake mara 9 katika 10, hali mtu mzima huvishinda mara nyingi. Bibi mjamzito aombe kipimo hiki pamoja na vipimo vyake vingine.

Kwa nyumba ya yule mzee, daktari aliwaita wote. Mkewe alionekana amekwisha kingika zamani bila ya kujua. Mtoto wa kwanza, baba wa watoto watatu, alikutwa na virusi kama baba yake, akaanza kuhudhuria kliniki. Waliobaki walichanjwa: sindano ya kwanza siku ile ile, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi 6. Sindano ya tatu iliangukia Ijumaa, na mzee, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha anza kutulia, alikwenda nao mwenyewe kabla ya sala, akakaa kwenye benchi na kadi zao zote mkononi mpaka wa mwisho alipotoka.